Uchambuzi wa kisa: kwotabeki wawili wa wapinzani, na daftari lililochakaa ndani ya miezi 11

Kuhusu kisa hiki

Vyuo viwili vya kusini mwa Marekani vilikutana mara mbili ndani ya miezi 11, kwenye uwanja uleule wa Atlanta. Januari 2018 viligombea ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo, na Desemba mwaka huohuo vikagombea ubingwa wa kanda yao. Majina ya vyuo, makocha na wachezaji tumeyaondoa. Matokeo na takwimu hatukuzigusa, kwa hiyo anayefuatilia mchezo huu atawatambua kabla hajafika katikati, na hilo si neno. Tumeficha majina ili msomaji asishike upande, aangalie kazi.

Tunakaa upande wa ulinzi. Timu iliyokuwa na jukumu la kuwazuia wenzake tutaiita Chuo, na ile nyingine Wapinzani. Kwotabeki wawili wa Wapinzani tutawaita Kulia na Mashoto, kwa mkono anaorushia kila mmoja. Kuwaita "wa kwanza" na "wa akiba" kungetuchanganya, maana ndani ya miezi hiyo 11 walibadilishana viti. Mchezo wa kwanza Kulia alianza na Mashoto akawa benchi. Mchezo wa pili Mashoto alianza na Kulia akawa benchi. Mara zote mbili Chuo kiliongoza, na mara zote mbili aliyetoka benchi ndiye aliyekifunga.

Kwa mgeni wa mchezo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa karibu kila shambulizi, kisha anaamua aupe mkimbiaji, aurushe kwa mpokeaji, au akimbie nao mwenyewe. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne. Ukimbadilisha kwotabeki umebadilisha kasi ya shambulizi, pembe ya pasi, na hata upande ambao ulinzi unapaswa kuuogopa.

Kilichojulikana kabla ya mchezo wa kwanza

Kulia alikuwa na daftari nene, yaani kumbukumbu nyingi za michezo yake kwa wachambuzi wa Chuo. Alianza tangu mwaka wake wa kwanza chuoni, 2016, akatajwa mchezaji bora wa ushambuliaji wa kanda msimu huohuo. Msimu wa 2017 alirusha pasi 255, zikafika 154, yaani asilimia 60.4. Tachidauni za pasi, yaani mara ambazo pasi ilizaa bao kwa kufika eneo la mwisho la mpinzani, zilikuwa 17 na pasi iliyonaswa ilikuwa moja tu. Kwa miguu alipata yadi 855. Picha inayotoka hapo ni ya mtu asiyegawa mpira ovyo: anamtazama mpokeaji wa kwanza, akimkuta amekabwa anauficha mpira na kuondoka. Mtu wa namna hiyo ukimfungia njia za kukimbilia na kumlazimisha asimame nyuma ya walinzi wake asubiri mpokeaji wa pili na wa tatu afunguke, umemtoa kwenye chakula chake.

Mashoto alikuwa na kurasa mbili. Alikuwa wa mwaka wa kwanza, na hadi usiku ule alikuwa amerusha pasi 53 tu msimu mzima, nyingi katika michezo ambayo tayari ilikuwa imeamuliwa. Pasi 53 ni kazi ya michezo miwili kwa kwotabeki wa kawaida. Tachidauni nane ndani ya pasi hizo zilikuwa nyingi mno kupuuzwa, ila zilipatikana dhidi ya mabeki waliochoka au waliotoka benchi wenyewe. Hapo ndipo wachambuzi wengi hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaozitupa pasi zote kwa kuwa ni "za dakika za mwisho", na wapo wanaozihesabu kana kwamba ni sawa na nyingine. Takwimu za dakika hizo hazina thamani, hilo ni kweli. Lakini mkono hauongopi. Kasi ya kuachia mpira, umbali anaofikisha bila kujikaza, upande anaoelekea akibanwa: vyote hivyo vinaonekana hata kama matokeo ni 50 kwa 3.

Muda nao ulikuwa mfupi. Chuo kilicheza nusu fainali California tarehe 1 Januari, kikashinda 54 kwa 48 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, kisha kikasafiri kurudi kusini mashariki. Fainali ilikuwa tarehe 8. Katika siku saba zilizo na safari ndefu na wachezaji wenye maumivu ndani yake, mazoezi yalienda kwa mtu aliyetarajiwa kuanza. Hatuwezi kukilaumu Chuo kwa hilo. Kila timu ingefanya vivyo hivyo. Lawama, kama ipo, iko kwenye kitu kidogo zaidi, na tutakifikia.

Mchezo wa kwanza: Januari 2018

Nusu ya kwanza mpango ulishika. Kulia alipata yadi kadhaa kwa miguu, lakini kwa mkono alifikisha pasi 3 kati ya 8, kwa yadi 21. Chuo kilienda mapumziko kikiongoza 13 kwa 0.

Kocha wa Wapinzani akafanya uamuzi ambao makocha wachache wangeuthubutu: alimweka benchi mtu aliyekuwa amempa ushindi zaidi ya mara 20, katika fainali, akamwingiza wa mwaka wa kwanza. Sababu yake ilisomeka ubaoni. Wapokeaji wake walikuwa bora kuliko yadi 21, na Chuo kilikuwa kimejipanga kuzuia mbio. Pasi ndizo zingeilazimisha safu hiyo irudi nyuma.

Chuo kilikuja kuujua uamuzi huo pale Mashoto alipoingia uwanjani robo ya tatu. Dakika za mapumziko, ambazo ndizo pekee za kukaa chini na kuchora ubaoni, zilikuwa zimekwisha kutumika kurekebisha mambo ya Kulia. Mwaka 2018 sheria za vyuo zilikuwa bado hazijaruhusu redio kwenye kofia ya mchezaji wala tableti za video pembeni mwa uwanja. Vyote vilikuja 2024. Maelekezo yalipita kwa ishara za mikono na mabango, sekunde chache kabla ya kila jaribio. Kama hukuwa na neno moja lililokubaliwa tangu mazoezini la kusema "mtu mwingine ameingia, tumia karatasi ya pili", basi ulibaki na karatasi ya kwanza.

Umiliki wake wa kwanza haukuzaa kitu. Wa pili ulizaa tachidauni, pasi ya yadi 6, ikawa 13 kwa 7, na katika safari hiyo alitoroka kundi la mabeki kwenye jaribio la tatu akaendeleza shambulizi kwa miguu. Hapa dhana ya "Kulia anakimbia, Mashoto anarusha" ilianza kupasuka. Alikimbia pale tu alipolazimika, na hilo liliwaumiza zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kumsubiri.

Chuo kilijibu kwa pasi ya yadi 80, 20 kwa 7. Kisha Mashoto alifanya kosa la kitoto: alirusha mpira wakati wenzake wote wakizuia kana kwamba ni jaribio la mbio, ukanaswa. Kosa hilo lilikuwa dhahabu. Lilionyesha kwamba hajui vizuri ishara za kubadilisha shambulizi dakika ya mwisho, na ulinzi unaoonyesha sura moja kisha kugeuka nyingine ungeweza kumvuna tena. Lakini Chuo nacho kilipoteza mpira papo hapo kwa pasi iliyonaswa na mtu wa mstari wa mbele, na fursa ikayeyuka.

Mateke mawili ya pointi 3 yalipunguza pengo hadi 20 kwa 13. Zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 49, jaribio la nne, Mashoto alirusha tachidauni ya yadi 7: 20 kwa 20. Wapinzani walikosa teke la yadi 36 la kumaliza mchezo. Muda wa nyongeza, ambapo kila timu huanza kwenye yadi 25 za mwenzake, Chuo kilipata teke la yadi 51, 23 kwa 20.

Jaribio la kwanza la Wapinzani, Mashoto alikaa na mpira mno akaangushwa yadi 16 nyuma. Jaribio la pili, yadi 26. Alirusha yadi 41 hadi tachidauni. 26 kwa 23, mchezo umekwisha.

Tazama lile jaribio la mwisho taratibu, maana limebeba nusu ya somo. Chuo kilikuwa na mabeki wawili wa nyuma, kila mmoja akilinda nusu ya upana wa uwanja kwa kina. Kwenye mpangilio huo beki wa pembeni humsumbua mpokeaji mwanzoni kisha humwachia wa nyuma yake. Wapokeaji walikimbia moja kwa moja mbele. Mashoto alianza kwa kutazama kulia. Beki wa nyuma upande wa kushoto wa Wapinzani akachelewa kutanuka kuelekea mstari wa pembeni. Kisha Mashoto akageuka na kuachia kushoto. Kwa mtu wa mkono wa kulia, pasi ndefu ya kushoto inamtaka azungushe bega na nyonga kwanza, na nukta hiyo ndiyo beki wa nyuma huitumia kufika. Kwa mtu wa mashoto bega liko wazi upande huo tayari. Nukta haipo. Beki aliyezoezwa wiki nzima kwa saa ya mkono wa kulia alifika akiwa amechelewa hatua mbili.

Miezi ya katikati

Mashoto alishinda nafasi 2018 na akawa tishio kubwa: kufikia mchezo wa pili alikuwa na tachidauni 36 za pasi, na pasi mbili tu zilizonaswa. Kulia alibaki. Watu walitarajia ahame, hasa kwa kuwa mwaka huohuo ilianza kanuni inayomruhusu mchezaji kucheza hadi michezo minne bila kupoteza mwaka wake wa kustahiki kuchezea chuo. Aliivuka minne na kuendelea kuwa wa akiba.

Akiwa huko benchi alibadilika, na hii ndiyo sehemu ambayo daftari la Januari lilikosa. Msimu mzima wa 2018 alifikisha pasi 51 kati ya 70, asilimia 72.9, kutoka 60.4 za mwaka uliotangulia. Pasi 70 ni chache, na nyingi ni za michezo iliyoamuliwa, tahadhari ileile iliyomhusu Mashoto. Lakini ukitazama miguu yake kwenye video hizo unaona mtu mwingine: anamaliza kurudi nyuma, anasimama, kichwa kinahama kutoka mpokeaji wa kwanza kwenda wa pili. Mwaka 2017 kichwa hicho kilikuwa kinashuka kutafuta njia ya kukimbilia.

Mchambuzi aliyefungua faili lenye jina la Kulia akakuta kurasa 40 za 2017 angejiona ana bahati. Kumbe kurasa hizo zilikuwa zinamweleza mtu ambaye hayupo tena.

Mchezo wa pili: Desemba 2018

Dhidi ya Mashoto, Chuo kilifanya kazi bora kuliko timu yoyote msimu ule hadi siku ile. Alifikisha pasi 10 kati ya 25, yadi 164, tachidauni moja, na pasi mbili zilinaswa, sawa na jumla yake ya msimu wote uliotangulia. Mapumziko ilikuwa 21 kwa 14, robo ya tatu 28 kwa 14. Walimharibia saa yake: mpokeaji wa kwanza hakuwa wazi pale alipozoea kumkuta, akalazimika kushika mpira zaidi, na mguu uliokwisha kuumia ukapunguza uwezo wake wa kutoroka.

Robo ya nne, 28 kwa 21, zikiwa zimebaki dakika 11 na ushei, kifundo chake kiligoma kabisa. Kulia akaingia.

Alifikisha pasi 7 kati ya 9, yadi 82. Moja ilikuwa tachidauni ya yadi 10 iliyosawazisha, 28 kwa 28, zikiwa zimebaki dakika 5 na sekunde 19. Zaidi ya yadi, angalia namna: kwenye majaribio ya tatu alisimama akarusha. Ulinzi uliokuwa ukimkumbuka wa Januari ulimwachia hasa kile ambacho sasa alikuwa anakiweza.

Kisha ukaja uamuzi ambao mashabiki wa Chuo bado wanaugombania. Sare, dakika zimebaki tatu hivi, jaribio la nne na yadi 11, mpira katikati ya uwanja kabisa. Chuo kilipanga teke la kuondoa, yaani kuupiga mpira mbali kwa wapinzani, lakini aliyesimama mbele ya mpiga teke, tayari kupokea mpira na kukimbia nao, alikuwa kwotabeki wao wenyewe wa akiba, kijana mwenye mbio kali. Wapinzani walikuwa wamewaacha uwanjani mabeki wao wa kawaida badala ya kuleta kikosi cha kupokea teke. Mpira ulichelewa kuanzishwa, waliokuwa upande wa pili wakapata muda wa kumwona na kuonyeshana vidole. Akapata yadi mbili.

Kulia alianza karibu na nusu ya uwanja na kumaliza kwa kukimbia mwenyewe yadi 15 hadi tachidauni, ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 4. 35 kwa 28.

Uchambuzi: kipi kilifanya kazi

Maandalizi dhidi ya anayeanza yalikuwa mazuri mara zote mbili. Yadi 21 za pasi kwa nusu nzima mwezi Januari, asilimia 40 ya pasi mwezi Desemba dhidi ya mtu ambaye msimu mzima hakuna aliyemgusa: hayo hayaji kwa bahati. Chuo kilijua jinsi ya kusoma daftari nene.

Pia kilijifunza kuhusu Mashoto. Mwezi Desemba hakuna aliyeduwazwa na pasi ya kushoto. Ukiwa na video za kutosha na wiki moja ya mazoezi, mkono wa kushoto unazoeleka.

Kipi kilishindikana, na kwa nini

Kosa la msingi lilikuwa katika swali lenyewe. Ukiuliza "nani bora kati ya hawa wawili?" utapata jibu la kukaa nalo kijiweni. Ulinzi hauna matumizi nalo. Swali lenye kazi ni hili: huyu akitoka na yule akaingia, ni maagizo gani kwenye karatasi yetu yanakufa?

Chukua karatasi ya Januari. Ulinzi dhidi ya Kulia unahitaji wavamizi wa pembeni, walinzi wanaomkimbilia kwotabeki kutoka kando, wasimpite kwa kina, wabaki naye usawa mmoja ili asipate mlango wa nje, na mara nyingi beki mmoja wa kati anaachwa bila kazi nyingine isipokuwa kumfuata kwa macho. Mtu huyo mmoja anatolewa kwenye ulinzi wa pasi. Anapoingia Mashoto, beki yule anayemfuata anakuwa mtu wa bure, na wavamizi wanaojizuia wasimpite wanampa kwotabeki mwenye mkono mwepesi muda anaoutaka. Halafu pande zinageuka. Kwotabeki wa mkono wa kulia anaposimama kurusha, mgongo wake uko upande wake wa kushoto. Wa mashoto mgongo uko kulia. Mvamizi wako hodari uliyempanga agombane na mlinzi wa mwisho wa kushoto sasa anamjia mtu anayemwona. Kumhamisha ni agizo la sekunde tano, ila lazima liwe limeshaandikwa.

Karatasi ya Desemba ina tatizo lililogeuzwa. Kulia akiingia, mazoea yanamwambia kila mtu "anakimbia", wavamizi wanapunguza mwendo, beki wa kati anasogea mbele, na yule mpokeaji wa pili aliyekuwa akisahaulika mwaka 2017 anapata nafasi ya kupumulia. Hapo ndipo daftari lililochakaa linapokuwa hatari kuliko kutokuwa na daftari. Asiyejua kitu hujilinda kotekote. Anayejua habari za mwaka jana huacha mlango mmoja wazi kwa kujiamini.

Lile teke la uongo linaingia hapa pia. Wapinzani walikuwa wamefanya ulinganisho wao wenyewe: walijua kwotabeki wa akiba wa Chuo ana miguu gani, na mtu kama huyo akionekana mbele ya mpiga teke, hakuna sababu nyingine ya kuwa pale. Uamuzi wa kujaribu unaweza kutetewa, kwa kuwa ulinzi wa Chuo ulikuwa umechoka na kumrudishia Kulia mpira kulikuwa na hatari yake. Utekelezaji haukutetewa na mtu: mbinu ya kushtukiza ikicheleweshwa sekunde kadhaa haishtui tena.

Kisa hiki si cha pekee. Msimu wa 2014 Ohio State ilimpoteza Braxton Miller kwa bega kabla msimu haujaanza, kisha J.T. Barrett akavunjika kifundo dhidi ya Michigan mwisho wa Novemba. Cardale Jones, wa tatu kwenye foleni, alianza wiki moja baadaye dhidi ya Wisconsin: 59 kwa 0. Akaishinda Alabama 42 kwa 35 na Oregon 42 kwa 20, ubingwa wa taifa ukawa wao. Wisconsin walikuwa na siku saba na karibu hakuna cha kutazama. Oregon walikuwa na michezo miwili kamili ya Jones, na bado. Kuwa na video kunasaidia, ila kuna mikono ambayo haizuiliki kirahisi, na mchambuzi mwaminifu huliandika hilo pia kwenye ripoti.

Namna ya kuandaa ulinganisho ndani ya wiki moja

Kanuni za vyuo haziruhusu kwenda kumtazama mpinzani ajaye uwanjani kwake, kwa hiyo kazi yote ni ya video ambazo timu hubadilishana. Na wakati wa masomo mchezaji hapewi zaidi ya saa 20 za shughuli za timu kwa wiki, saa nne kwa siku. Ulinganisho lazima uingie kwenye nafasi hiyo finyu.

Kata kila jaribio alilocheza wa akiba, kisha ligawe mara mbili: yale ambayo tofauti ya pointi ilikuwa ndogo na wanaomkabili ni wa kikosi cha kwanza, na yale mengine. La kwanza ndilo la takwimu. La pili litumie kwa mwili tu: sekunde kutoka kupokea mpira hadi kuachia (2.5 na kushuka ni mwepesi, 3 na kupanda anakaa nao), mguu gani unatangulia, anakimbilia upande gani akibanwa, na je, macho yanarudi kwa wapokeaji akishaanza kukimbia. Andika tarehe kwenye kila safu. Jaribio la zaidi ya mwaka mmoja lipewe rangi tofauti, na likipingana na la mwezi huu, la mwezi huu lishinde.

Mahali pa kuanzia mpira pana maana kubwa zaidi vyuoni kuliko NFL, ligi ya kulipwa. Mistari ya ndani ya uwanja wa vyuo iko futi 60 kutoka pembeni, na kati yake futi 40, kwa hiyo mpira ukianza kwenye mstari mmoja, upande mmoja unabaki na yadi 20 na mwingine zaidi ya 33. Mtu wa mashoto akiwa na upande mpana kushoto kwake ni kwotabeki tofauti na yeye huyohuyo upande mpana ukiwa kulia. Tenganisha hesabu hizo mbili; kuzijumlisha kunaficha kila kitu.

Mazoezini, kikosi cha kuiga wapinzani kikiwa na kwotabeki wa mkono wa kulia peke yake, mabeki hawatauona mpira unaozunguka kinyume hadi siku yenyewe. Tafuta yeyote wa mashoto, hata mpokeaji asiyejua kurusha vizuri, ampe beki wa nyuma ile picha ya bega. Mashine ya kurushia mpira nayo inaweza kupangwa izungushe upande wa pili. Majaribio 12 hadi 15 kwa wiki yanatosha. Zaidi ya hapo unaiba muda wa anayeanza.

Halafu karatasi yenyewe. Ya wa akiba isizidi nusu ukurasa: maagizo yanayokufa akiingia, matatu yanayochukua nafasi, na nani anahama upande. Lipe neno moja. Mtu mmoja pale juu kwenye chumba cha makocha awe na kazi ya kutazama benchi la wapinzani, nani anavaa kofia, nani anarusha mipira ya kupasha mkono mwisho wa mapumziko. Januari ile Mashoto alikuwa na mkono uliopashwa kabla hajakanyaga uwanja. Dakika mbili za kujua mapema zingetosha kulisema neno.

Kwa sasa kuna nyongeza mbili. Kanda ya Big Ten tangu 2023 na ile ya kusini mashariki tangu 2024 zinataka timu zitangaze nani hayuko tayari kucheza kabla ya michezo, kwa hiyo kubahatisha kumepungua. Na tangu wachezaji waruhusiwe kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, 2021, wa akiba wa leo mara nyingi alianza mahali pengine jana. Pasi zake 300 ziko kwenye faili la chuo alikotoka, pengine zikiwa na mpangilio wa ushambuliaji usiofanana kabisa na wa sasa. Zitafute kabla hujaandika kwamba hana rekodi.